Unaenda kazi nje na hamjafunga ndoa? Jinsi ya kuondoka na mwenza wako kihalali

Mimi ni nesi, nipo Uingereza, na mtu wangu ninaye hapa hapa, na mpaka leo hatujafunga ndoa. Watu wa nyumbani wakisikia hivyo wanacheka kwanza, afu baadaye mmoja ananivuta pembeni ananiuliza kwa sauti ya chini, enhe, mlifanyaje? Maana wengi wanaamini bila cheti cha ndoa mwenzio kazi yake ni kukusindikiza airport na kupunga mkono basi. Sio kweli, ila pia sio mteremko kama madalali wa viza wanavyokwambia, na sisi wenyewe tulikwaa mara ya kwanza kwa kosa la kijinga kabisa ambalo nitalieleza huko chini. Nitaongelea zaidi Uingereza maana ndo njia niliyoipita kwa miguu yangu, nchi nyingine nitazigusa ili ujue usipoteze muda wapi.

HATUA YA 1: Jua nchi hiyo inamuita nani mwenza, na ujue kabla hujasaini mkataba

Swali la watu huwa ni "nchi fulani wanaruhusu mwenza?" Hilo swali halijakamilika bana. Uliza vitu vitatu kwa pamoja, nchi gani, viza ya aina gani, na kazi yako ipo daraja gani, kwa sababu nchi hiyo hiyo moja inaweza kumruhusu mwenza wa injinia ikamkatalia wa mlezi wa wazee.

Uingereza ndo mfano mzuri. Kwenye viza ya kazi ya ujuzi na ile ya afya, mwenza ambaye hamjafunga ndoa anakubalika kama mtegemezi, yani dipendenti, ila muwe mmekuwa kwenye uhusiano unaofanana na ndoa angalau miaka 2 kabla ya siku ya kutuma maombi. Zamani walikuwa wanang'ang'ania muwe mmelala nyumba moja miaka yote miwili, kuanzia mwisho wa Januari 2024 wamelegeza hapo: kama mmekuwa na uhusiano miaka 2 lakini hamkuweza kuishi pamoja, labda mmoja kazi ilimpeleka mkoa mwingine, au mila na dini ya kwenu haikubali watu kukaa nyumba moja bila ndoa, hiyo inaeleweka, ila itabidi uoneshe kwa njia nyingine kwamba nyie ni kitu kimoja. Wao wenyewe wanataja mnawasiliana mara kwa mara, mnasaidiana kifedha, mnalea watoto pamoja, mnatembeleana na kwenda kwenye shughuli pamoja. Hicho kipengele cha mila kimetusaidia wengi sana Waafrika, na wengi hata hawajui kama kipo.

Sasa upande wa kazi. Walezi wa wazee walifungiwa kuleta wategemezi tangu 11 Machi 2024, na kuanzia 22 Julai 2025 mtu mpya anayeingia kwa kazi ambayo haijafika kiwango cha digrii kwa jumla haruhusiwi kuleta mtu. Nesi, daktari, injinia, mwalimu wa sekondari, mtu wa programu za kompyuta, hao bado wanaweza. Ukiona mtu anakuuzia nafasi ya ulezi eti na mwenza ataletwa baadaye, huyo anataka hela yako.

Canada wao wanataka mwaka 1 wa kuishi pamoja mfululizo, na hapo hawana mchezo, kuishi pamoja ni kuishi pamoja, sio kutembeleana wikiendi. Mnajaza fomu ya kiapo inayoitwa IMM 5409, mnaapa mbele ya wakili mwenye mamlaka ya kuapisha. Ila tangu 21 Januari 2025 kibali cha kazi cha wazi kwa mwenza, yani cha kufanya kazi kwa mwajiri yeyote, kimebanwa, kinaenda kwa wenza wa watu wa kazi za juu na baadhi ya kazi za daraja la kati tu, na kibali cha mwenye kazi kiwe kimebakiza angalau miezi 16. Kwa hiyo usikae na kibali chako mwaka mzima ndo ukumbuke kumuita.

Australia nao kwa kawaida ni miezi 12 ya uhusiano wa kweli, wanaangalia mambo manne: hela mnazitumiaje, nyumba mnaiendeshaje, watu wanawajua kama nani, na mmejifunga vipi kwa siku za mbele. Hata kama huendi Australia, hayo manne yashike, ni kipimo kizuri cha kupangia ushahidi wa nchi yoyote.

Uholanzi ni rafiki wa watu wa aina yetu. Mwajiriwa wa ujuzi wa juu anaweza kuleta mwenza bila ndoa, mnasaini tamko la uhusiano, na mnatoa hati za kuonesha kwamba hakuna kati yenu mwenye ndoa na mtu mwingine. Hiyo hati ya kutokuwa na ndoa ndo inayochelewesha watu, anza nayo mapema, na iwe imehalalishwa.

Ujerumani hapana. Pale viza ya familia ni ya ndoa au ubia uliosajiliwa kisheria, mpenzi wa miaka kumi ni mgeni tu kama wageni wengine. Kinachobaki ni mwenzio aingie kwa miguu yake mwenyewe: masomo, kozi ya lugha, au ile kadi ya fursa iliyoanza Juni 2024, ambayo mtu mwenye digrii au fani inayotambulika anaenda kutafuta kazi mwaka mmoja huku anaruhusiwa kufanya kazi masaa 20 kwa wiki.

Marekani, ukienda na viza ya kazi ya H-1B, ile ya H-4 ni ya mume au mke wa ndoa na watoto tu. Mwenza anaweza kuomba viza ya mgeni ya B-2 akieleza wazi kwamba anafuatana na mtu anayeishi naye, taratibu zao zinaitambua hiyo, lakini hafanyi kazi na kila mara anaomba kuongezewa muda. Ni maisha ya kukaa sebuleni.

Ghuba ni fupi: Dubai, Doha, Riyadh, Muscat, bila cheti cha ndoa kilichopigwa mihuri yote hakuna udhamini wa familia. Emirati waliacha kuwashtaki watu kwa kuishi pamoja bila ndoa, ndiyo, lakini kutokushtakiwa sio kupewa viza. Na Saudia au Qatar msijaribu hata kupanga chumba kimoja.

HATUA YA 2: Ongeeni ukweli kuhusu ndoa

Najua wengine mtakunja uso, ila kama hakuna kinachowazuia zaidi ya pesa ya ukumbi, fungeni ndoa ya bomani. Tanzania unatoa taarifa ya nia ya kufunga ndoa siku 21 kabla, mnasubiri, mnaingia ofisini na mashahidi wawili mnatoka na cheti. Sherehe ya kamati na michango ya kadi mtafanya hata miaka mitano mbele, hakuna afisa wa viza anayeuliza keki ilikuwa ya ghorofa ngapi. Kenya pia ni taarifa ya siku 21. Cheti kimoja kinachukua nafasi ya karatasi mia mbili nilizozikusanya mimi.

Sasa mbona sisi hatukufanya? Kwa sababu mwenzangu alishawahi kuoa, walitengana tangu 2017, na talaka ipo mahakamani inatembea kwa mwendo wa kobe. Kama na nyie mpo hivyo sio mwisho wa safari, Uingereza wanachotaka ni ndoa ya zamani iwe imevunjika moja kwa moja, hawasemi lazima talaka iwe mkononi. Ila ushahidi wa hilo uweke: hati ya mahakama kwamba shauri limefunguliwa, barua ya baraza la usuluhishi, chochote. Usifiche, maana afisa akikuta jina la mke mwingine kwenye fomu ya zamani ya pasipoti utaeleza nini?

Kitu kingine. Bongo kuna imani kwamba mkikaa miaka miwili tayari ni ndoa. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawahesabu mke na mume, inachukuliwa kuwa ni ndoa. Inachukuliwa. Yani ni dhana, mtu anaweza kuipinga na kuivunja, na wanaoamua ni mahakama, sio mjumbe wa nyumba kumi. Haikupi cheti. Kwa hiyo kwenye fomu usiandike "mke" au "mume" kwa sababu ya kifungu cha 160, andika mwenza. Wakenya na kam-wii-stei zenu, yani kukaa pamoja bila ndoa, ni hivyo hivyo, Mahakama ya Juu ilishasema Januari 2023 kwamba kudhania ndoa ni jambo la nadra, sio kawaida.

HATUA YA 3: Kusanya ushahidi (hapa ndo kazi yenyewe)

Shida ya maisha yetu ni kwamba mapenzi yetu hayaachi karatasi. Kodi unalipa keshi kwa mama mwenye nyumba anaandika kwenye daftari la shule, umeme ni tokeni za LUKU na mita ina jina la mwenye nyumba, maji hivyo hivyo, akaunti ya benki ya pamoja hamna. Mzungu anaomba bili ya gesi yenye majina mawili, wewe gesi yako ni mtungi uliobebwa na bodaboda.

Mimi nilianza kwa mkataba wa nyumba. Tulikuwa tumepanga Tabata, mkataba una jina langu peke yangu, nikamfuata mama mwenye nyumba nikamuomba aongeze jina la mwenzangu. Akanitazama juu mpaka chini akasema, "Mwanangu, mimi nimempangisha nesi. Sijampangisha nesi na mwanaume." Na huyo mwanaume ndo alikuwa anamtengenezea koki ya bomba kila ikivuja! Hakuongeza.

Nikaenda serikali ya mtaa. Mwenyekiti akatusikiliza wote wawili, akauliza, mmeoana? Bado. Akatafuna kijiti chake kidogo, akasema yeye hawezi kuandika mke na mume, atakachoandika ni kwamba fulani na fulani wanaishi nyumba namba fulani, mtaa fulani, tangu mwaka fulani, na kwamba anawafahamu, "mengine hayo ni yenu." Nikamwambia shikamoo mzee wangu, hicho hicho ndo nakitaka. Ile barua yenye muhuri na picha zetu mbili ndogo ilikuwa na nguvu kuliko mkataba wowote. Kenya nendeni kwa chifu.

Afu kuna dalali mmoja alikuwa tayari kunitengenezea mkataba mpya wa nyumba wenye majina yote mawili na tarehe za nyuma, kwa laki tatu. Sitadanganya, nilifikiria usiku mzima. Usithubutu. Uingereza wakikukamata na hati ya uongo wanaweza kukufungia mlango wa viza miaka 10, na hapo umeshajiharibia wewe, yeye na mwajiri.

Sasa njia iliyonisaidia kupanga. Chukua miaka yako 2 ukate vipande vya miezi mitatu mitatu, unapata vipande 8. Kila kipande tafuta vitu vitatu vya aina tofauti: kimoja cha hela, kimoja cha makazi au safari, kimoja cha watu kuwajua. Ukiona kipande kina picha tu, hapo pana shimo, lizibe. Watu wengi wanaleta picha 90 za Krismasi moja na hakuna kitu kati ya Februari na Septemba, afisa anajiuliza mlikuwa mmeachana?

Cha hela: toa taarifa ya miamala ya simu, M-Pesa au mtandao wowote, ya miaka yote miwili, na ya benki, afu pitisha kalamu ya rangi kila mahali mlipotumiana. Sisi ilionekana kila tarehe za mwisho wa mwezi nampa elfu hamsini au yeye ananitumia laki, hivyo vihela vidogo vidogo vya ela ya gesi na ela ya LUKU ndo ndoa yenyewe ukiifikiria. Kama mwenzio huwa unampa keshi mkononi, anza leo kutumia simu, makato utayavumilia.

Cha makazi: barua ya mtaa, bahasha au risiti zinazokuja kwa anuani moja, fomu ya kazini ambayo umemuandika kama mtu wa karibu wa kupigiwa ukipata tatizo. Hii ya mwisho watu wanaisahau. Mimi niliijaza 2021 nilipoanza hospitali, nikamuandika yeye, uhusiano "mwenza", nikaomba utumishi wanipe kopi yenye muhuri. Tarehe ya 2021 imeandikwa na mtu mwingine kabla hata sijawaza Ulaya, hakuna anayeweza kusema nimetunga.

Cha watu kuwajua: hapa sasa utamaduni wetu ni tajiri kuliko wao, sema hatujui kuutumia. Barua ya posa! Kama walishaleta barua kwa wazee, ile karatasi ina tarehe, majina ya pande zote na saini za washenga, ipige skani. Karatasi ya makubaliano ya mahari pia. Na kadi za michango ya harusi: kila wiki mnatumiwa kadi imeandikwa "Bw & Bi" fulani, siku zote unaiona ni kero ya mifuko, kumbe ni ushahidi kwamba jamii inawahesabu kitu kimoja. Niliweka nne. Mtu wangu akacheka sana, akasema kumbe zile elfu hamsini hamsini hazikupotea. Picha weka kama 20, zisambae miaka yote, na nyingi ziwe na ndugu: msibani, ubarikio, kumtembelea bibi kijijini, sio nyie wawili na kioo cha hoteli. Chini ya kila picha andika tarehe, mahali, na nani ni nani.

Kuna miezi 7 alikuwa Mwanza kwa kazi. Tungeweza kuinyamazia, tukaamua kuieleza: barua ya mwajiri wake, tiketi za basi alizokuja nazo Dar na mimi nilizoenda nazo, na skrinishoti za simu tulizopigiana. Meseji usipeleke kurasa mia tatu, chagua mbili tatu kila mwezi, za kawaida kabisa, umelipa maji? mtoto wa dada kalazwa, njoo na mkate. Za mapenzi mazito baki nazo, afisa hahitaji kusoma hayo. Na jamani, msifute simu eti imejaa, hifadhini nakala. Mwenzangu alifuta mwaka mzima wa 2022 ili apate nafasi ya mpira.

Kama mna mtoto, cheti cha kuzaliwa cha RITA chenye majina ya wazazi wote wawili kinafunika nusu ya hayo yote. Mtoto naye anaombewa viza yake.

Chochote cha Kiswahili kitafsiriwe, na tafsiri iwe na tamko kwamba ni sahihi, tarehe, jina, saini na mawasiliano ya mtafsiri. BAKITA, yani Baraza la Kiswahili la Taifa, wanafanya na kugonga muhuri. Usitafsiri mwenyewe hata kama Kingereza chako ni cha BBC.

HATUA YA 4: Fomu, na kosa letu

Mimi nilitangulia mwanzoni mwa 2024, yeye abaki amalizie mambo. Kwenye fomu yangu kulikuwa na swali la hali ya ndoa, nikaona sijaolewa, nikachagua "sijaoa/sijaolewa" nikaendelea. Chini yake kidogo kulikuwa na chaguo la mwenza asiye wa ndoa, sikulisoma. Mwaka uliofuata yeye anaomba kama mwenza wangu wa miaka minne, wao wanafungua faili langu wanakuta nimeandika niko mwenyewe. Jibu likarudi hapana. Na haki yao, ungekuwa wewe ungeamini yupi?

Kwa hiyo mwenye kazi na mwenza, kaeni chini mjaze fomu kwa pamoja, hata kama mmoja anaondoka mbele. Majina, tarehe mliyokutana, tarehe mliyoanza kuishi pamoja, anuani, vifanane neno kwa neno. Na viza za nyuma pia, kama alishaomba ya Afrika Kusini au Schengen akaandika hana mtu, lielezeni mapema.

Ukikataliwa ukiwa nje ya Uingereza una siku 28 za kuomba wapitie upya uamuzi, ni pauni 80, lakini hiyo ni kwa ajili ya kosa lililofanywa na afisa, sio la kuongezea karatasi ulizosahau. Kosa likiwa lako kama letu, andaa maombi mapya. Sisi mara ya pili tuliweka barua tatu: ya kwanza ya kurasa mbili nimeandika mimi, ya pili ameandika yeye, ya tatu baba yangu. Yangu ilianza moja kwa moja na lile kosa: nilichagua hivi, nilielewa hivi, na huu hapa ni ushahidi wa 2021 kwamba tayari nilikuwa namtambua kama mwenza. Usizunguke. Barua ya mzee ndo ilinitoa machozi, aliandika kwa mkono kwamba kijana huyu alikuja nyumbani kwake mwaka 2020 na barua, na yeye alimpokea. Ikaenda BAKITA na yenyewe.

HATUA YA 5: Hela, kifua, na tarehe

Kwa ada zilizoanza Aprili 2025, mtegemezi wa viza ya afya alikuwa analipa pauni 304 kwa viza isiyozidi miaka 3 na 590 ikizidi, na hatozwi ile ada ya huduma za hospitali. Viza ya kawaida ya ujuzi ilikuwa 769 au 1,519, na hapo mtu mzima anaongeza 1,035 kwa kila mwaka wa viza, yani miaka 3 ni 3,105 zinalipwa zote kwa mkupuo. Hapa ndo watu wanazimia. Kabla ya kusaini mkataba muulize mwajiri analipa mpaka wapi, anaweza kulipa yako tu, na hilo ni la kujadiliana wakati bado anakutaka. Ada huwa zinapanda, mara nyingi Aprili, kwa hiyo angalia ukurasa wa serikali siku unayolipa.

Juu ya hapo mwenza aoneshe pauni 285 zimelala benki siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja, taarifa ya benki iwe haijapita siku 31 unapotuma. Ikishuka siku ya 27 ukanunua viatu, unaanza kuhesabu upya. Au mwajiri aweke tiki kwenye cheti cha udhamini kwamba atawahudumia wewe na wategemezi, hapo hauhitaji hiyo taarifa. Waombe, wengi wanakubali.

Watu wa Tanzania, Kenya na Uganda lazima mpime kifua kikuu kwenye kliniki waliyoiidhinisha wao, Dar na Nairobi ipo ya IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji. Cheti kinadumu miezi 6. Picha ya kifua ikiwa na doa wanachukua makohozi na majibu yanaweza kuchukua wiki 8, kwa hiyo usikate tiketi ya ndege ukiwa hujapima. Jamaa yangu mmoja alikata.

Baada ya alama za vidole subiri kama wiki tatu. Yetu ya pili ilikuja siku ya kumi na saba, saa nane mchana, yeye yupo kwenye daladala Buguruni, akanipigia anaongea kwa kunong'ona kama mtu aliyeiba.

HATUA YA 6: Akishafika usilale

Mwenza akiingia na viza ya mtegemezi anaruhusiwa kufanya kazi karibu yoyote, wa kwangu wiki ya nne alikuwa ghalani anapakia mizigo, na anaruhusiwa kusoma. Lakini viza yake inaning'inia kwenye yako. Ukipoteza kazi mnatikisika wote, mkiachana viza yake inaweza kufupishwa, na hilo ongeeni kabla ya safari, maana nimeona mwanaume anamtishia mwenzie "nitawaambia wakurudishe." Anayefanyiwa ukatili sheria inampa mlango wake wa pembeni, asikae kwa kuogopa karatasi.

Na viza ikikaribia kuisha mtaulizwa tena kama bado mpo pamoja, kwa hiyo ule mchezo wa vipande vya miezi mitatu unaendelea. Majina yote mawili kwenye mkataba wa nyumba, kodi ya halmashauri, akaunti ya pamoja, tangu mwezi wa kwanza. Tulipoenda kupanga hapa, wakala alikuwa binti mdogo tu, nikajiandaa na maneno yangu yote ya kumbembeleza kama nilivyombembeleza mama wa Tabata. Kabla sijafungua mdomo akauliza mtaishi wangapi, akasema kila mtu mzima lazima alete viza yake aikague ndo sheria, na majina ya wote yataingia kwenye mkataba. Mwenzangu akaomba arudie, akadhani hajaelewa Kingereza.